Sweta ya Kufumuliwa

Kwenye kiwanda cha kufulia mashuka walimwita Mvuke, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Ukimtafuta pale ndani ilibidi kwanza uukate mvuke kwa mkono, kama unavyosogeza pazia, ndipo umwone amesimama kwenye meza yake ya pasi, shati limemgandia mgongoni, anaimba kwa pua wimbo usio na maneno. Mashuka ya hospitali yalipita kwenye mashine kubwa yenye mabomba ya moto. Yeye aliachiwa vile ambavyo mashine haikuviweza: makoti ya madaktari, sare za wahudumu wa hoteli, vitambaa vya meza vyenye mapambo pembeni. Vitu vyenye kola na mifuko. Vitu vyenye aibu, alizoea kusema, maana koti likitoka na mkunjo kwapani, anayeaibika si koti.

Kazi hiyo aliianza akiwa kijana mwembamba, mgeni, ana sanduku moja mkononi, anamwambia kila aliyemuuliza kwamba atakaa kidogo. Hicho kidogo kikaota mvi. Akaoa huko huko, akapata binti mmoja, akamzika mke, na bado kila mwaka alikuwa na mpango wa kwenda nyumbani, mpango ambao ulimtoka mdomoni siku hizi kama mtu anavyosema siku njema.

Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Hilo si jambo la siku moja. Pasi humlamba mtu hapa na pale, mvuke unachemsha ncha za vidole taratibu, ngozi inakuwa ngumu na nyororo kama ya kiatu kilichong'arishwa. Saa ya chai wenzake walimtuma abebe birika la moto bila kitambaa, naye analibeba, wanacheka, naye anacheka.

"Mzee Mvuke," aliambiwa na yule mama wa meza ya jirani, ambaye kazi yake ilikuwa kukunja foronya na kila mtu alimwita Mama Foronya, "wewe siku ukifa watakuzika na pasi, maana hakuna wa kukubandua nayo."

"Heri pasi. Pasi hainisengenyi."

"Inakusengenya sana, ila huisikii. Inasema pshh, pshh."

Basi hayo ndiyo yalikuwa maisha yake ya mchana. Kwake alikuwa na chumba na sebule ghorofa ya juu kabisa, ambako lifti ilifika siku ilipojisikia. Chumbani kulikuwa na kabati, juu ya kabati sanduku, ndani ya sanduku foronya safi, na ndani ya foronya sweta.

Kwao sweta haikurithiwa kama watu wanavyorithi saa au kiti. Kwao ilifumuliwa. Bibi mzaa bibi yake alisokota sufu ya kijivu kwa mikono yake, akafuma sweta, akaivaa mpaka binti yake alipoolewa. Hapo akaivua, akaitafuta ncha, akaivuta. Sweta yote ikarudi kuwa uzi. Uzi ukaoshwa, ukatundikwa ukiwa umefungiwa jiwe kwa chini ili unyooke, kwa sababu uzi uliokaa ndani ya sweta miaka mingi hutoka umejiviringa kama nywele zilizofumuliwa msuko. Ukishanyooka unafumwa upya kwa mwili wa anayefuata, mabega yake, kifua chake, urefu wa mikono yake. Palipolika panaongezwa sufu nyingine. Bibi mtu aliongeza ya kahawia. Anayevuka kizingiti kikubwa, awe anaolewa, anahama au anasubiri mtoto wa kwanza, sweta inamfuata. Wanaume na wanawake wa nyumba ile wote walijua kufuma, na hakuna aliyesema sweta ni yangu. Walisema iko kwangu.

Siku alipomweleza mama yake kwamba anaondoka, mama hakulia wala hakumzuia. Aliivua sweta aliyokuwa ameivaa, pale pale jikoni, akavuta kigoda.

"Leta mikono," akamwambia.

"Mama, huko wanauza masweta."

"Wauze. Leta mikono, baba."

"Utabaki na baridi."

"Nitabaki na dada yako. Nyoosha mikono, uzi unalegea."

Akainyoosha mikono mbele kama mfungwa, mama akamzungushia uzi kwenye vifundo vya mikono, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka mabega yakamuuma. Kisha akafuma. Kwao walianzia shingoni wakashuka, ili mvaaji akirefuka aongezewe chini. Na kwa vile mama alishaamua kwamba mwanawe atanenepa ugenini, wote wanaokwenda hunenepa, aliipanua mno, sufu ikamwishia tumboni. Ikabidi akanunue uzi wa dukani wa buluu, unaong'aa kidogo, akamalizia nao mkanda mpana wa kiunoni. Aliuonea haya uzi ule. "Ukipata sufu ya kweli huko," akasema, "utautoa huu."

Kwenye mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, kuna mahali vitanzi vimebana kuliko kwingine. Hapo mama alikuwa anafuma, na dada mtu, ambaye ndiye mkubwa, akasimama mlangoni na kitambaa cha kufutia vyombo, akauliza, "Na mimi je?" Mama hakujibu. Alivuta uzi tu. Ukipitisha kidole hapo unalisikia lile swali, au ndivyo kijana alivyoamini, siku zile vidole vyake vilipokuwa bado vinasikia.

Hakunenepa. Akiivaa sweta ilimning'inia kama imetundikwa kwenye msumari, na mvua ya kule ilikuwa ya kuozesha nguo, basi akaona bora aihifadhi. Binti yake alipomaliza shule mkewe alimkumbusha, "Mfumie mtoto." Akasema bado kidogo. Binti alipoolewa, mkewe, wakati huo amelala kitandani anaumwa, akamkumbusha tena. Akaitoa, akaiweka mapajani, akaitazama mistari ya mama yake ilivyokwenda, hapa amechoka, hapa ameamka vizuri, hapa ameulizwa swali. Mama alikuwa ameshafariki, na mwanawe hakuwahi kumzika. Atavutaje? Akairudisha kwenye foronya.

Alichokifanya badala yake ni kuitunza. Kila mwaka majira ya baridi yakiisha aliipeleka kazini, akangoja wenzake waende kula, akaitandaza kwenye meza yake na kuipiga pasi kwa mvuke, mbele, nyuma, mkono mmoja, mkono wa pili, mpaka kila kitanzi kikalala sawasawa na mwenzake. Haikuwa na mkunjo hata wa dawa.

Sasa Jumapili moja binti yake alikuja. Binti huyo aliuza miwani kwenye duka moja la mtaa wa pili, na wakati huo alikuwa na mimba iliyokuwa ikimtangulia mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Lifti?"

"Imenuna."

"Na hali hiyo umepanda ngazi!"

"Tumepanda wawili. Mwenzangu hakusaidia kitu."

Alikaa, akavua viatu, akanywa maji. Lugha ya nyumbani aliiongea kama anayetembea na viatu vilivyombana, anafika, lakini unamhurumia njiani. Kisha akatoa utepe wa kupimia kwenye mkoba wake. "Baba, naomba ile sweta ya bibi. Nataka kupima."

Mzee moyo ukamruka. Alisimama haraka kuliko magoti yalivyopenda. "Hupimi sweta, mwanangu, unapimwa wewe! Mabega kwanza. Kifua tutakiongezea, ukinyonyesha hutabaki hivyo."

"Mimi nipimwe ya nini?" Binti akacheka. "Naipimia fremu, baba. Nimepata fundi, anaweka kitambaa ndani ya kioo, halipiti vumbi wala mdudu. Nitaitundika sebuleni, mtoto akizaliwa aikute."

"Aikute ukutani."

"Ndiyo."

"Kama picha ya marehemu."

"Baba, usianze."

"Sweta hii haikai, mama. Inapita. Nimekusimulia tangu ukiwa mdogo."

"Umenisimulia, tena vizuri. Lakini hujanifumia." Alisema kwa upole, huku akiuzungusha utepe kidoleni. "Sasa nani atafuma? Mimi sijui. Wewe vidole vyako hata birika la moto havilitambui."

"Nitafuma mimi. Mikono inakumbuka."

"Na ukiifumua ikashindikana?"

"Haijawahi kushindikana."

"Mimi bibi sikumwona," akasema. "Wewe una sauti yake, una sura yake. Mimi nina sweta. Niachie niitazame."

Mzee alisikia, lakini alisikia kama mtu anayesikia redio ya jirani. Akili yake ilishaanza kuhesabu vitanzi. Binti akaipima sweta, akasema fundi anaitaka Jumamosi, atapita kuichukua. Mzee akajibu "Haya," ile haya ya mtu ambaye hajakubali.

Binti alipoondoka akaiwasha taa ya mezani, akaigeuza sweta nje ndani, akaanza kuitafuta ncha. Alikuwa ameamua. Mjukuu asingezaliwa akaikuta sweta imefungwa nyuma ya kioo, na mama yake hajawahi kuivaa hata siku moja. Mpaka Jumamosi itakuwa uzi, na uzi hautiwi kwenye fremu, basi binti itabidi apimwe mabega atake asitake. Akaipapasa kola, akapapasa mikono, akapapasa kiunoni. Vidole havikumwambia kitu. Mwisho akashika simu.

Dada yake alipokea baada ya muda mrefu. "Nani mwenzangu?"

"Mimi, mdogo wako."

"Ninaye mmoja, na huyo hupiga mwaka ukiisha. Mwaka umeisha?"

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu."

"Basi kuna kitu unataka."

"Nataka kuifumua sweta. Sioni ncha mama alikoificha."

"Mpaka leo," dada akasema pole pole, "hujaifumua?"

"Binti yangu anatarajia."

"Binti yako aliolewa. Hicho kizingiti kilipovukwa ulikuwa wapi?"

"Nilishindwa."

"Ulishindwa kuvuta uzi?"

"Ni mkono wa mama, dada."

"Mkono wa mama niliushika mimi!" Sasa sauti ilikuja ya ujana, ile ya mlangoni. "Ulikuwa unatetemeka, unamwaga chai. Niliuosha, niliulisha, na siku ile nikaulaza kifuani kwake. Huo ndio mkono wa mama. Hiyo uliyonayo ni sweta."

Mzee aliibana simu sikioni. Alisikia mwenzake akivuta pumzi, akikohoa, akisogeza kiti.

"Igeuze," dada akasema. "Umeigeuza? Shuka ubavu wa kushoto mpaka mwisho wa mkanda. Alikuwa anapiga fundo dogo, halafu anaimezesha ncha ndani ya vitanzi vitatu vinne. Tumia sindano, si kucha. Na ukimaliza kumfumia unipigie. Mimi haikunipitia. Sikuolewa, sikuhama, sikuzaa, nilibaki upande wa ndani wa kizingiti. Angalau nisikie imepita kwa mwingine."

"Nitakupigia."

"Usininyime hilo, mdogo wangu."

Kesho yake aliibeba kazini, kwa sababu uzi unahitaji mikono miwili ya kuuzungushia, na kwake hapakuwa na mikono mingine. Mchana wakakaa kwenye chumba cha kupumzikia, yeye na Mama Foronya, kati ya makapu ya mashuka machafu na mashine ya soda iliyokuwa ikiguna. Mama Foronya alinyoosha mikono mbele.

"Tangu niolewe," akasema, "hakuna mwanamume aliyenifunga mikono. Taratibu tu, mzee, watu watasema."

Dereva wa gari la mashuka akachungulia mlangoni. "Heee! Mvuke kawa fundi wa kufuma? Nifumie na mimi soksi!"

"Kwa miguu hiyo?" Mama Foronya akamjibu. "Sufu ya kondoo wote duniani haitoshi."

Mzee hakuwasikia. Alikuwa ameipata ncha kwa sindano, amekata fundo, ameshika uzi wa buluu. Akavuta. Kitanzi kikaruka, cha pili kikaruka, halafu mstari mzima ukaachia kwa mlio mdogo, mfano wa mtu anayekuna godoro kwa kucha. Uzi ukatoka umejiviringa, mrefu, mzima, ukaenda kulala kwenye mikono ya Mama Foronya. Mzee akacheka. Mara ya mwisho kuusikia mlio ule alikuwa yeye ndiye mwenye mikono mbele, na mama anamwambia anyooshe. Akavuta kwa haraka zaidi. Alishawaona wote watatu kwenye sebule ya binti yake, mtoto amelala kifuani, mama mtu amevaa sweta iliyomkaa mabegani, ya kijivu na kahawia, na yeye babu pembeni anajifanya haangalii. Mkanda wote ukaisha, ukawa donge zuri la buluu.

Akafika kwenye kahawia. Uzi ukagoma.

Akavuta kidogo. Ukakatika.

"Si kitu," akasema, "panapoungana rangi huwa pagumu." Akatafuta ncha nyingine, akavuta. Kikatoka kipande cha urefu wa kidole, kikakatika. Akatafuta tena. Safari hii kilitoka kipande kifupi zaidi, kina manyoya pande zote kama mguu wa mdudu. Akafunga fundo, akavuta, fundo likabaki na uzi ukaenda.

Mama Foronya akaishusha mikono. Akashika ukingo wa sweta kwa vidole viwili, akausugua, kama anavyosugua foronya kujua kama imekauka.

"Mzee. Hii umeifanya nini?"

"Sijaifanya kitu. Hata kuivaa sijaivaa."

"Sufu imeshikana. Vitanzi vimegandana, imekuwa kama kadibodi. Umeifua kwa maji ya moto?"

"Maji ya moto! Mimi? Nimeitunza. Kila mwaka naileta hapa, naipiga pasi."

"Pasi hii ya hapa?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Na mvuke?"

Mzee ndiye aliyekuwa akizitenga sweta za sufu kwenye makapu ya hoteli. Yeye ndiye aliyewafokea vijana wapya, sufu haitaki mvuke mwingi, iguse tu juu ya kitambaa, kama unagusa mtoto aliyelala. Lakini hii haikuwa sweta ya hoteli, hii alitaka ilale vizuri kuliko zote, na kila mwaka alipomaliza aliipapasa kwa vidole vyake, na vidole vikamwambia ni laini. Vidole vile vilimwambia kila kitu ni laini.

"Hukusikia kwa mkono?" Mama Foronya akauliza, kisha akaviona vidole vyenyewe vilivyolala juu ya sufu, vinang'aa, akajuta kuuliza. "Labda juu huko imepona," akasema. "Kwenye kijivu."

Kijivu ndiyo ilikuwa kongwe kuliko zote. Kengele ya kurudi kazini ikalia, na mzee akabaki amekaa.

Hakukata tamaa siku hiyo, ingawa ingekuwa nafuu. Kila jioni aliendelea. Alijaribu kuiloweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya nywele, alijaribu kufungua vitanzi kimoja kimoja kwa sindano, miwani puani, shingo imekakamaa. Aliunganisha vipande kwa mafundo mpaka mafundo yakawa mengi kuliko uzi. Uliotoka salama ni uzi wa buluu peke yake, wa dukani, ule ambao mama alimwambia autoe. Sufu ya bibi na ya bibi mzaa bibi ililala mezani kama takataka za kinyozi.

Jumamosi binti alikuja na karatasi laini alizopewa na fundi wa fremu. Baba yake alimfungulia mlango, akarudi kukaa. Binti akaiona meza. Akaliona donge la buluu, akaona lile rundo, akaiona sweta iliyobaki, kuanzia kifuani kwenda juu, chini imechanikachanika, vitanzi wazi.

Mzee alikuwa amejiandaa kwa kelele. Hazikuja. Binti alivuta kiti, akaushika mkono wa kushoto wa sweta.

"Pale bibi alipobana ni wapi?"

Mzee akamwonyesha. Binti akaweka dole gumba hapo, akakaa nalo muda mrefu.

"Kwa nini hukunivalisha tu nilipokuwa mdogo?" akauliza. "Hata kama ingeniburuza."

"Nilikuwa naitunza."

"Umeitunza, baba."

Hakusema kwa kejeli, na hapo ndipo palipomkata maini. Mzee akasimama, akaleta sindano za kufumia alizonunua wiki ile ile. "Hii buluu inatosha kofia," akasema. "Kofia ya mtoto. Kaa uone, ni rahisi." Akaanzisha vitanzi. Vya mwanzo vikasimama, mstari wa pili vikaanza kuponyoka kimoja kimoja, na yeye anaendelea kufuma, hajui kwamba vimeponyoka, anavuta uzi kwenye sindano tupu, na anamweleza mwanawe, unaingiza hivi, unazungusha hivi, unamtoa mwenzake hivi. Binti alitazama mpaka akashindwa. Akaweka mkono wake juu ya mikono ya baba yake.

"Acha, baba. Basi."

Akakifunga kile kipande cha sweta kwenye karatasi laini. Rundo hakuligusa. Donge la buluu alilichukua, mlangoni akalirudisha.

Fundi wa fremu alikuwa hodari wa kazi yake. Aliukunjia nyuma ule upande uliochanika, akaubandika, na ukiitazama kwa mbele utadhani sweta ni nzima, inaishia pale kwa sababu fremu imeishia pale. Ikatundikwa sebuleni kwa binti, juu ya kochi. Mjukuu akazaliwa, wa kike, mwenye pumzi nzuri, wakamvika sweta ya manjano ya dukani inayofuliwa kwa mashine. Wageni waliokuja kumwona mtoto waliisifia ile ya ukutani. "Kazi ya mkono hiyo," wanasema, "siku hizi haipatikani." Binti anajibu ni ya bibi yake, na mzee, ambaye kila alipokuja alichagua kiti kilichoipa fremu mgongo, anaomba apewe mtoto.

Dada yake hakungoja apigiwe. Alipiga mwenyewe.

"Nimesikia umepata mjukuu, na kwako sijasikia. Mama yake amevaa?"

Mzee alikuwa kwenye ngazi, kwenye ghorofa ya katikati, anapumzika. Akashika ukuta. "Amevaa," akasema.

"Imemkaa?"

"Imemkaa vizuri. Mabegani hasa."

"Na kifua ulimwongezea?"

"Nilimwongezea."

Akamsikia dada yake akicheka, kicheko ambacho hakukisikia tangu wakiwa watoto, cha mtu aliyeshushiwa mzigo kichwani. "Alhamdulillahi," dada akasema. "Na mikono? Ulifuma wewe mwenyewe na mikono yote miwili?"

"Mimi mwenyewe."

"Na ile buluu mbaya uliitoa?"

"Niliitoa, dada."

"Umefanya vizuri. Mdogo wangu, umefanya vizuri sana. Mimi nilikuwa nimekuwekea moyoni, nakwambia kweli, miaka yote hii. Sasa nimeutua mzigo." Akakohoa, akacheka tena. "Nitumie picha. Binti yako na sweta. Jirani yangu hapa ana simu kubwa, atanionyesha."

"Nitamwambia."

"Leo?"

"Nitamwambia, dada."

Akaimalizia ngazi. Dada alipiga wiki ile tena, na wiki iliyofuata, kuiulizia picha. Mwanzoni mzee alisema binti ana kazi nyingi, halafu akasema simu imeharibika. Siku hizi akiliona jina la dada yake kwenye kioo cha simu anaiweka kifudifudi juu ya meza, na inaita mpaka inachoka.